Ndege Hawafuati Saa za Ofisi

Wanangu, mimi Kadzo nimelipwa na serikali miaka mingi kusimama kwenye tope na kuhesabu ndege. Chekeni tu. Kule Majengo nilikokuwa nimepanga chumba walicheka kuliko ninyi. Nikitoka na darubini shingoni, jirani yangu muuza mahamri alikuwa akinipigia kelele mbele ya wateja: "Kadzo! Leo ndege wakipungua, watafokewa wao au utafokewa wewe?" Nami namjibu kwamba nitaandika yeye ndiye aliyewala.

Ninyi mnaoanza kazi hii sasa mna simu zinazojua kila kitu, saa ya maji kujaa, jina la ndege, hata mlio wake. Mkiniona nanuna si kinyongo, ni wivu. Lakini mmeniomba niwaandikie niliyojifunza, na jambo nililojifunza vizuri kuliko yote nilijifunza kwa kuaibika mbele ya watu. Basi nitawaeleza hilo. Mengine nitayachomeka njiani nikiyakumbuka.

Mimi sikuzaliwa na bahari. Kwetu ni Rabai, juu huko kwenye minazi, na maji niliyoyajua ni ya kisima. Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa tarishi kwenye ofisi moja ya mambo ya mazingira hapa kisiwani Mombasa, kazi yangu kubeba bahasha na kuchemsha chai. Siku moja nikapewa bahasha niipeleke Mji wa Kale kwa fundi saa aitwaye Mzee Swaleh. Kiduka chake kilikuwa kichochoroni, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na saa zilizotundikwa humo hakuna mbili zilizokubaliana. Yeye mwenyewe hakuvaa saa.

"Sabalkheri, mzee."

"Sabalkheri. Hiyo bahasha weka hapo. Una macho?"

"Ninayo, mzee."

"Yaona?"

Kabla sijajibu akanipa kile kioo chake cha kubana jichoni na saa iliyofunguliwa mgongo, akaniambia nimsomee nambari iliyochorwa ndani. Nilimsomea yote, tarakimu saba. Akaifunga ile saa, akasema, "Kesho alasiri njoo Shimanzi, nyuma ya magodauni. Viatu vya maana usivae." Nilidhani naitwa kubeba mizigo.

Kumbe huyu mzee alikuwa akihesabu ndege wa pwani kwa mapenzi yake tangu ujana, na hesabu zake ndizo ofisi yetu ilizokuwa ikizituma ng'ambo. Maana hawa ndege si wetu peke yetu. Wanazaliwa Siberia, kaskazini kabisa ya Urusi, mahali ambapo barafu huyeyuka kwa muda mfupi tu wa mwaka. Wanaanza kutufikia mwezi wa nane, wanakaa, wanakula, na Aprili inapokwisha wanarudi. Njia nzima kuna watu kama sisi, Uarabuni, kando ya Bahari ya Kaspi, mpaka kule juu, na kila mmoja hutuma alichokiona. Mzee Swaleh magoti yalikuwa yamemwisha. Alitaka macho na miguu ya mtu mwingine, na ofisi haikuona hasara kumpa tarishi.

Wengi wao ni vitwitwi, wale wadogo wanaokimbia mbele ya maji kama wameona moto. Uzito wa mmoja ni kama wa mahamri moja. Mzee aliponiambia kwamba kitu chenye uzito wa mahamri kimetoka Siberia kwa mbawa zake mpaka hapa Shimanzi, nilimtazama nikajisemea, maskini, umri umeanza kumchezea.

Siku yangu ya kwanza nilihesabu mmoja mmoja, kwa kidole, kama nahesabu kuku wa mama. Nilipofika arobaini na tatu wakaruka wote. Nikaanza tena, wakaruka tena. Mzee Swaleh alikuwa amekaa juu ya tairi bovu la lori, kanzu ameikunja magotini.

"Kadzo," akaniita, "sasa wewe wawahesabu au wawagawia zamu?"

Akanifundisha hivi, nanyi shikeni. Usihesabu ndege, hesabu kumi. Watazame kumi wamekaaje, wamechukua nafasi kiasi gani, kisha ile kumi uihamishe juu ya kundi zima, kama fundi cherehani anavyohamisha shubiri yake juu ya kitambaa. Ukizoea, kumi inakuwa hamsini, hamsini inakuwa mia. Yeye kwa kila kumi alivuta punje moja ya tasbihi. Alikuwa na tasbihi mbili: ya kumtaja Mola mfuko wa kulia, na ya ndege, kuukuu iliyokatika na kuungwa mara tatu, mfuko wa kushoto. Na ole wako umsemeshe katikati. Kuna siku kuli mmoja alipita akamtolea salamu, na mzee hakuwa mtu wa kuacha salamu bila jibu. Akasema bila kugeuka, "Wa aleikum salaam mia saba na thelathini." Yule kuli alikwenda zake akitikisa kichwa.

Na nisijifiche nyuma ya vituko vya wenzangu. Wiki ya tatu niliandika sululu thelathini na wawili wamelala ng'ambo ya mkondo. Sululu ni yule mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda. Nilijivuna, maana sululu ni waoga na mimi nimewaona wote bila kuwashtua. Mzee akaweka darubini jichoni, akatazama muda mrefu.

"Mashaallah," akasema. "Hawa ni watulivu mno. Tangu mwaka juzi hawajasogea."

Vilikuwa visiki vya mikoko. Kwa hiyo kabla hujaandika kitu daftarini, subiri mmoja ajikune.

Mengine madogomadogo: leso nyeupe iache nyumbani, ndege wanaiona toka mbali. Usiwaendee moja kwa moja, tembea kama mtu aliyepotea njia. Tope la mikoko halina urafiki na ndara, litazimeza na halitazirudisha. Mimi liliwahi kunimezea mbili katika mwezi mmoja, zote za kushoto.

Lakini haya ni ufundi tu, na ufundi peke yake usingenizuia kurudi kwenye chai yangu ofisini. Kilichonifunga ni neno moja la Mzee Swaleh. Tulikuwa tumekaa, maji yanapanda, na kitwitwi mmoja alikuwa karibu sana nasi anachokoachokoa tope. Mzee akanigusa bega.

"Wamuona huyu? Akitoka hapa apita Hadhramaut, Uarabuni. Babu yangu amezikwa huko. Mimi sijapakanyaga, na kwa magoti haya sitapakanyaga. Huyu amelipita kaburi la babu yangu mwaka jana, na mwezi ujao atalipita tena."

Akatoa leso akajifuta macho, akasema ni chumvi ya upepo. Siku hiyo hapakuwa na upepo. Mimi nilimtazama yule ndege upya, mahamri ile yenye miguu, ikila minyoo haina habari na mtu, na mwili ukanisisimka wote. Nilikuwa nimekaa kando ya msafiri mkubwa kuliko watu wote ninaowajua, na malori ya Shimanzi yanapiga honi nyuma yetu.

Sasa tuje kwenye aibu yangu. Ili mwifahamu, lazima mwijue bahari kidogo.

Maji yakipwa, matope yanakuwa wazi kila upande, na ndege hutawanyika humo kula. Maji yakijaa sana matope yanafunikwa, na vitwitwi hawaogelei. Lazima wapate mahali peupe pa kusimama na kulala mpaka maji yarudi. Nyuma ya magodauni ya Shimanzi, baina ya ukuta na mikoko, palikuwa na uwanda wa chumvi usioota hata jani. Mtu akipita na lori angesema hapa ni patupu, hapana kazi. Kwa ndege pale ndipo palipokuwa kitanda, na upande ule wa kisiwa kitanda kingine hakikuwepo. Kwingine kote kulikwisha kujengwa.

Basi kampuni moja ya kontena ikaomba uwanda ule ifukie kwa kifusi, ipange makontena yake. Vigingi vikapigwa. Kukaundwa kamati, mwenyekiti wake Bwana Mwakio, Mtaita mmoja nadhifu, mtu wa haki lakini mkavu kama mkate wa juzi. Yeye akauliza swali la haki: hao ndege wanaoandikwa kwenye mafaili, nani amewaona? Ofisi ikaniambia nipange siku, kamati ije iwaone kwa macho yake. Ilikuwa Aprili inaelekea ukingoni, na Mzee Swaleh alikuwa amekwenda Lamu kwenye harusi ya mpwa wake. Nikasema, ya nini kumsubiri? Mimi si nimeshajua?

Ofisini kulikuwa na jedwali la maji limetundikwa ukutani. Lina safu mbili: saa ambayo maji yanajaa, na kimo cha maji. Nilisoma ile ya kwanza tu. Nikatafuta siku ambayo maji yanajaa wakati unaowafaa wakubwa, baada ya chai, kabla ya jua kali. Nikaipata: Alhamisi, saa nne asubuhi. Nikaandika barua za mwaliko kwa mwandiko wangu bora. Haki ya Mungu, nilijiona mtu.

Alhamisi ikafika. Wakaja watu saba na viatu vya kung'aa, pamoja na mwakilishi wa kampuni, kijana wa tai na faili kubwa. Saa nne kamili maji yakajaa kama jedwali lilivyosema. Na uwandani palikuwa na yangeyange mmoja, mguu mmoja juu, na kunguru wawili wanagombania mfuko wa plastiki.

Tulisubiri. Yule yangeyange akabadilisha mguu.

"Bi Kadzo," Bwana Mwakio akasema, kwa upole ulioniuma kuliko kelele, "hawa wageni wako wa Urusi leo wameomba ruhusa?"

Wakacheka wote. Kijana wa kampuni hakucheka, aliandika. Nikajaribu kusema juma lililopita walikuwepo, mwezi uliopita walikuwepo, nikasikia sauti yangu mwenyewe inavyosikika ya uongo. Kabla ya kupanda gari Bwana Mwakio akaniambia kikao cha kuamua ni Ijumaa ya juma lijalo asubuhi, na kwamba kama zile hesabu za miaka yote zimepikwa, ofisi yangu ijiandae kujibu. Nilirudi kwa miguu mpaka Majengo, na jirani yangu wa mahamri aliponitazama usoni siku hiyo hakuniuliza kitu.

Mzee Swaleh alirudi Jumamosi. Nilimkuta dukani ameinamia saa.

"Mzee, nimeharibu."

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye saa nne asubuhi akaweka bisibisi chini.

"Saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, mzee. Maji yalikuwa yamejaa."

"Ala! Kadzo! Umewaalika watu karamu siku ya funga!" Akasimama, magoti yakalia. "Wewe mtu wa Rabai wewe! Maji yajaayo saa nne asubuhi hapa Mombasa ni maji mafu, tangu Mungu aumbe mwezi! Hayapandi. Matope hubaki wazi, ndege wana pa kula na pa kusimama, waje uwandani kufanya nini, kukuamkia wewe? Bamvua, maji makuu, hapa hujaa saa kumi alasiri. Saa kumi! Wakati hao wakubwa wako wafunga mafaili wende zao!"

Nilikuwa nimekwenda naye uwandani mara ngapi? Na kila mara ilikuwa alasiri, na kila mara nilidhani ni kwa sababu yeye asubuhi ana wateja. Sikuwahi kuuliza. Nililia pale pale, mbele ya saa zake zote.

Akaniacha nilie, akanipa maji, kisha akahesabu kwa vidole siku za mwezi wa angani. "Bamvua ijayo ni Alhamisi hii. Saa kumi. Kikao Ijumaa. Tuna alasiri moja." Halafu akasema jambo ambalo sikutaka kulisikia. "Ikiwa watakuwapo."

Maana mwisho wa Aprili, wanangu, ndipo wanapoondoka. Mtawaona wamebadilika. Ile rangi ya vumbi waliyokuja nayo wameivua, wamekuwa wekundu kama udongo wa Rabai baada ya mvua, kifua mpaka shingo. Na wamekula, wamekula, mpaka ile mahamri moja imekuwa karibu mbili, yote mafuta ya safari. Wakati huo wanaweza kuondoka siku yoyote, hawaagi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Bwana Mwakio. Akakataa. Akasema kamati imeshakwenda, imeshaona. Jumanne nilikuwa mlangoni. Akasema, "Dada, saa kumi mimi huwa narudi kwangu." Nikamwambia, "Na ndege saa kumi nao wanarudi kwao, Bwana, ndiyo maana hamkukutana." Hilo lilimgusa kidogo, nikaona mdomo unataka kucheka. Nikatoa bahasha niliyoiandika usiku nikiwa macho. Ndani nilikuwa nimeandika kwamba hesabu zote ni za uongo, kwamba aliyezipika ni mimi, na kwamba naacha kazi. Nimetia sahihi, nimeacha tarehe.

"Njoo Alhamisi saa kumi," nikamwambia. "Usipoona kitu, jaza tarehe mwenyewe."

Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama nina watoto. Nikasema nina wawili na mama. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema atakuja.

Jumatano nilikwenda uwandani peke yangu. Maji yalikuwa yameanza kupata nguvu, na vitwitwi walikuwepo, si wote, lakini walikuwepo, wekundu, wanene, hawatulii. Jua lilikuwa limeinama kidogo. Kundi moja likaanza kupiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwao, za harakaharaka, kila mmoja anajibu mwenzake. Wakaruka. Nilingoja wageuke watue, kama kila siku. Hawakugeuka. Walipanda, wakapanda, wakajipanga kama kamba iliyokunjwa, wakaishika kaskazini, juu ya kreni za bandari, juu ya njia ya Makupa itokayo kisiwani, mpaka nikabaki natazama mbingu tupu.

Nilikuwa nimeona ndege wanaanza safari ya Siberia kwa mbawa, hivi, mbele yangu, bila mzigo, bila kuaga. Nilipiga magoti kwenye chumvi, wanangu, nikasema Mungu wangu, Mungu wangu. Na wakati ule ule roho ilikuwa inanitoka kwa hofu, nikajikuta napaza sauti kama mwendawazimu: "Jamani, kesho tu! Ngojeni kesho tu!" Kuli wawili juu ya ukuta wakatazamana.

Alhamisi ilinyesha asubuhi yote. Saa nane ikaacha. Saa tisa na nusu Bwana Mwakio akafika, yeye na yule kijana wa kampuni tu, safari hii viatu vya raba. Mzee Swaleh alikuwa amekwisha kukaa juu ya tairi lake, tasbihi ya kushoto mkononi. Uwanda ulikuwa mtupu.

Saa kumi kasorobo, mtupu. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mikoko kwa sauti ya kunong'ona, yanapanda mizizi. Bwana Mwakio akatazama saa yake. Akaitazama tena.

"Bwana," Mzee Swaleh akamwambia, "hiyo saa yako yaenda mbele dakika sita. Ivue, nitakutengenezea bure. Hapa haina kazi."

Nilifikiri juu ya wanangu wawili na mama, nikafikiri juu ya daftari za mzee, kabati zima, maisha ya mtu yataitwa uongo kwa sababu mimi sikusoma safu ya pili.

Ndipo wakaja kumi na wawili. Walikuja chini, karibu na maji, wakatua. Kumi na wawili tu. Yule kijana akaandika. Halafu nyuma yao wakaja wengine, kama hamsini. Halafu nikasikia, kabla ya kuona, sauti ya mbawa nyingi, kama mtu anakung'uta leso kubwa. Maji makuu yalikuwa yanafunika tope baada ya tope, na kila tope lililofunikwa lilikuwa linamwachia ndege wake. Walikuja kutoka Makupa, walikuja kutoka ng'ambo, kundi juu ya kundi, wanageuka pamoja, upande mmoja wekundu, upande mmoja weupe, na walipogeuka weupe wote mara moja Bwana Mwakio akasema "Lo!" kama mtoto. Wakashuka. Uwanda mweupe ukawa mwekundu. Walisimama bega kwa bega, mpaka karibu na viatu vyetu, na bado wengine walikuwa wanatafuta pa kutua.

Mzee Swaleh alikuwa anavuta punje, midomo inacheza. Mimi nilishindwa kuhesabu. Macho yalikuwa yamejaa.

"Ni wangapi?" Bwana Mwakio akaninong'oneza.

"Hesabu mwenyewe, Bwana. Anza na kumi." Nikamvisha darubini yangu shingoni, nikamfundisha. Alihesabu, akapotea, akaanza tena. Kijana wa kampuni alikuwa ameweka faili chini kwenye matope, na sidhani alijua.

Tulikaa mpaka maji yakaanza kurudi. Kundi moja likapiga zile kelele nilizozisikia jana yake, likaruka, likapanda, likaishika kaskazini, na safari hii nilikuwa na watu wa kutazama nao. Bwana Mwakio aliwafuata kwa darubini mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Watarudi hapa hapa?"

"Hawa watarudi," Mzee Swaleh akajibu. "Lakini wao huwaacha watoto kule kule na kutangulia. Watoto hufuata baadaye, peke yao."

"Nani huwaonyesha njia?"

"Hapana mtu."

"Sasa wanajuaje kwamba ni hapa?"

Mzee alifungua mikono yake. "Bwana, mimi ni fundi saa. Saa nikiifungua naona kinachoizungusha. Huyu ndege nimemtazama maisha yangu yote, na sijui."

Bwana Mwakio akatoa ile bahasha yangu mfukoni, imelowa jasho, akanirudishia. Akamgeukia kijana wa kampuni. "Kesho nitakuuliza mbele ya kamati ulichokiona."

"Nitasema nilichokiona," yule kijana akajibu. Na nampa haki yake, alisema.

Ijumaa ile ombi likakataliwa. Hapakuwa na ngoma wala hotuba, ilikuja barua fupi kwamba mahali hapafai kwa makusudio hayo na kampuni itafute kwingine. Niliisoma Mji wa Kale, dukani, kwa sauti, na Mzee Swaleh akanifanya niirudie.

Hiyo ndiyo kazi yenu, wanangu. Watu watawaita muwaonyeshe kwa saa zao. Ninyi waambieni saa ya maji, na mkae mlangoni mpaka waje.

Mwezi wa tisa mwaka ule nilikwenda uwandani peke yangu, alasiri ya bamvua. Maji yalikuwa karibu na kimo. Wakatokea vitwitwi sita kutoka kaskazini, juu juu, na waliposhuka nikaona manyoya ya mgongo yana kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Hivyo ndivyo mtakavyowatambua watoto. Walikuwa hawajatimiza miezi mitatu tangu watoke kwenye yai. Walizunguka mara moja juu ya magodauni, malori yakinguruma chini yao, wakatua mbele yangu. Yule wa kwanza alikuwa amekonda, kifua kimebaki mfupa. Nilikuwa nimekaa chini, na darubini sikuiinua, niliogopa hata kupumua. Akatembea hatua tatu kwenye chumvi, akakunja mguu mmoja, akaficha mdomo mgongoni, akalala.